Kompyuta niliyoijenga mwenyewe hujizima ninaporenda video: ni RAM au ni umeme?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi hupiga na kuhariri video za harusi hapa Tanga. Miezi minane iliyopita nilijijengea kompyuta ya mezani kwa vifaa nilivyonunua Kariakoo kidogo kidogo: prosesa ni Ryzen 5 5600, ubao mama ni wa B550, RAM ni DDR4 vipande viwili vya GB 8, kadi ya picha ni RTX 3060, na pawasaplai (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme) imeandikwa 600W, ambayo niliipata pamoja na kasha. Kwenye lebo yake, mstari wa +12V ni mmoja na umeandikwa 22A. Mwezi uliopita ilianza kujizima ghafla na kujiwasha tena ninaporenda video, yaani ninapoitoa kama faili kamili baada ya kuihariri, bila skrini ya bluu wala ujumbe wowote. Nikiandika barua au nikitazama filamu haina shida. Fundi mmoja aliniambia ni RAM, nikanunua vipande vingine viwili vya GB 8 vya kampuni tofauti, nikaviongeza. Tangu siku hiyo feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi. Nianzie wapi? Je, ninunue ubao mama mpya?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue ubao mama, na kwa sasa usinunue kitu kingine chochote. Kompyuta yako ina matatizo mawili, wala si moja lililokua. Kujizima wakati wa kurenda ni tatizo la zamani ambalo chanzo chake hakijapimwa. Skrini nyeusi ni tatizo jipya lililoanza siku ulipofungua kasha na kuongeza RAM. Ukiyachanganya utabadilisha kifaa baada ya kifaa na hutajua kipi kilichoponya na kipi kilichoharibu. Tuanze na hili jipya, kwa sababu tunajua hasa ni kitu gani kilichobadilika kabla halijatokea, na pili kwa sababu kompyuta isiyoonyesha picha haiwezi kutusaidia kuchunguza lile la kwanza.

Zima kompyuta, zima na swichi iliyo nyuma ya pawasaplai, chomoa kebo ya umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla hujashika kifaa chochote. Sasa ondoa vipande vyote vinne vya RAM, na urudishe kimoja tu kati ya vile vya zamani katika sloti ya pili ukihesabu kutoka upande wa prosesa, ambayo kwenye mbao nyingi za B550 imeandikwa A2. Kibonyeze pande zote mbili mpaka usikie mlio wa kufunga. Nalisisitiza hili kwa sababu mbao nyingi za siku hizi zina kibano upande mmoja tu wa sloti, na upande wa pili RAM inaweza kuonekana imekaa sawasawa kumbe imeinuka kwa unene wa ukucha.

Kabla hujawasha, futa mipangilio ya BIOS, yaani programu ya ndani ya ubao mama, kwa kuunganisha kwa bisibisi zile pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au jina linalofanana nalo, au kwa kuondoa betri ya duara, CR2032, kwa dakika tano kisha kuirudisha. Sababu ni hii: ulipoijenga kompyuta, yaelekea uliwasha XMP ili RAM ifikie kasi iliyoandikwa kwenye kiboksi, na ubao ukaihifadhi mipangilio hiyo. Ulipoongeza vipande viwili vya kampuni nyingine, ubao ulijaribu kuviendesha vyote vinne kwa kasi na volti iliyovifaa vile viwili vya kwanza. Kidhibiti cha RAM kilicho ndani ya prosesa za Ryzen 5000 kimeidhinishwa kufika 3200 kikiwa na vipande viwili, lakini kikibeba vinne kasi inayodhaminiwa hushuka, na hapo ni pale vipande vinapokuwa vya aina moja. Vya kuokoteza ni bahati nasibu.

Ukishawasha, usiwe na haraka. Baada ya RAM kubadilishwa au BIOS kufutwa, ubao huanza kujifunza RAM upya, na huenda ukakaa na skrini nyeusi, ukajizima na kujiwasha mara mbili au tatu, kabla haujaleta picha. Upe dakika tano nzima. Watu wengi huuzima katika dakika ya kwanza, ukaanza mwanzo tena, na hivyo hivyo hadi wakakata tamaa. Wakati unasubiri, tazama ukingo wa ubao mama: mbao nyingi za kundi hili zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na taa inayobaki inawaka ndiyo inayokuambia ubao umekwama hatua gani. Ikibaki ya DRAM, jaribu kipande kile kile katika sloti nyingine, kisha kipande cha pili katika sloti ya kwanza kujaribiwa. Ikibaki ya VGA, chomoa na uchomeke upya kadi ya picha pamoja na kebo yake ya umeme. Na hakikisha kebo ya skrini umeichomeka kwenye kadi ya picha, si kwenye tundu la HDMI lililo juu yake kwenye ubao mama, kwa kuwa Ryzen 5 5600 haina michoro ya ndani na tundu lile halitoi kitu. Utacheka, lakini mtu aliyetoka kufungua kasha na kuchomoa kebo zote hukosea hapo mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Kwa kuwa uko pwani, tazama pia meno ya shaba yaliyopakwa dhahabu chini ya vipande vya RAM. Hewa ya chumvi huyachafua taratibu. Yafute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa kidogo spiriti safi ya isopropili, uache ikauke. Najua mafundi wengi hutumia kifutio cha penseli. Kinasafisha, lakini huacha vumbi la mpira ambalo huishia ndani ya sloti, na kulitoa humo ni kazi nyingine.

Picha ikirudi, weka vipande viwili vya zamani katika A2 na B2, yaani sloti ya pili na ya nne, uviache vikimbie kwa kasi ya kawaida bila XMP, na vile vipya viweke kando. Sasa tuko pale ulipokuwa kabla ya kwenda kwa fundi, na tunaweza kuzungumza juu ya ugonjwa wenyewe.

Fundi wako hakuropoka. RAM mbovu inaweza kuizima kompyuta. Ila dalili ulizozieleza hazifanani nayo. RAM ikiharibika huleta skrini za bluu zenye ujumbe unaobadilika badilika, programu hujifunga zenyewe, faili hugoma kufunguka, tena hayo hutokea wakati wowote, hata ukiandika barua. Joto la prosesa nalo huanza kwa kuipunguza kasi: Ryzen 5 5600 ikikaribia nyuzi 90 za selsiasi hujipunguza yenyewe kwanza, na kompyuta huwa nzito kwa muda kabla ya kufikia kujizima. Yako haifanyi hayo. Inakatika kama iliyochomolewa ukutani, na inakatika pale tu prosesa na kadi ya picha zinapofanya kazi kwa nguvu pamoja. Dalili za namna hiyo kwanza huzielekeza macho yangu kwenye pawasaplai.

Na lebo uliyoisoma imetusaidia kuliko ulivyotarajia. Karibu kila kitu kinachokula umeme mwingi ndani ya kompyuta ya kisasa, yaani prosesa na kadi ya picha, hukula kutoka mstari wa volti 12. Zidisha 12 kwa ampea 22 unapata wati 264. Hizo ndizo wati ulizonunua. 600 ni tangazo, au ni jumla ya mistari yote iliyokokotolewa kwa ukarimu wa muuzaji. Sasa hesabu matumizi. RTX 3060 imepimwa na Nvidia yenyewe kuwa ya wati 170, na Nvidia hupendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa kompyuta yenye kadi hiyo. Prosesa yako ikifanya kazi kwa nguvu zote itakula wati 70 na ushei. Ongeza ubao mama, RAM, diski na feni, tuseme wati 40. Tayari umefika 280 bila kuongeza chochote cha ziada, na hapo tunazungumzia wastani: kadi za picha za siku hizi, kwa vipindi vifupi vya sehemu ya elfu ya sekunde, huvuta umeme mwingi kuliko huo wastani. Pawasaplai ikizidiwa, ama mzunguko wake wa kujilinda huikata, ama volti hushuka chini ya kile ubao mama unachoweza kuvumilia, na kompyuta huanza upya. Ukitazama filamu, kadi nzima haifiki hata robo ya kazi yake, ndiyo maana huoni shida.

Utauliza: mbona ilifanya kazi miezi saba? Kapasita, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya pawasaplai, huchoka zikiwa za bei rahisi, na joto ndilo huzichosha zaidi. Kifaa kilichokuwa kikifanya kazi ukingoni mwa uwezo wake tangu siku ya kwanza, katika chumba cha Tanga chenye joto na vumbi, hakihitaji kupoteza uwezo mwingi ili kivuke ukingo huo. Pengine pia umesasisha programu yako ya kuhariri na sasa inaitumia kadi ya picha kuliko zamani. Hilo utalijua wewe.

Hata hivyo, hesabu inatupa mshukiwa, haitupi hukumu. Kuna jaribio moja ambalo halikugharimu shilingi na ambalo nalipenda kuliko mengine yote. Pakua programu ya kudhibiti kadi ya picha iitwayo MSI Afterburner, inayofanya kazi na kadi za kampuni zote, tafuta mstari wa Power Limit, uushushe hadi asilimia 65 au 60 kadiri kadi itakavyokubali. Kadi itabaki na wati kama 100 hadi 110. Kisha renda video ile ile iliyokuwa ikikuzimia. Ikimaliza bila kukatika, rudisha 100 na urudie. Ikikatika tena, umeshathibitisha kuwa kinachoizima kompyuta ni kiasi cha umeme kinachovutwa, na hakuna RAM inayoponywa kwa kupunguziwa wati za kadi ya picha. Zaidi ya hapo, umepata njia ya kumalizia kazi za wateja wako wiki hii huku ukitafuta fedha. Video itachelewa kidogo, basi.

Ukitaka uhakika zaidi, ichoshe prosesa peke yake kwa Cinebench kwa dakika kumi, halafu kadi ya picha peke yake kwa FurMark kwa dakika tatu, halafu zote mbili pamoja. Kila moja ikipita peke yake na zikashindwa pamoja, jibu ni lile lile. Kadi ikishindwa peke yake, shaka inabaki kati ya kadi na pawasaplai. Prosesa ikishindwa peke yake, nitataka kujua joto lake, na HWiNFO itakuonyesha. Usiondoke chumbani wakati wa majaribio haya, na ukisikia harufu ya kitu kinachoungua chomoa ukutani mara moja, kwa maana pawasaplai dhaifu ikifa vibaya inaweza kuondoka na ubao mama.

Windows nayo huandika kumbukumbu. Ndani ya Event Viewer, upande wa System, tafuta tukio la Kernel-Power lenye namba 41. Watu huliona wakadhani wameambiwa kuwa pawasaplai ni mbovu, lakini tukio hilo linasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu. Lifungue maelezo yake utazame BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kusema imeanguka kwa sababu gani, jambo linaloafikiana na umeme kukatika. Ikiwa ni namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu ambayo hukuiona, na hapo nitarudi kuifikiria RAM. Pia ukikuta pembeni yake matukio ya WHEA-Logger, yaani taarifa za hitilafu za vifaa, huenda prosesa yenyewe imelalamika, na hapo naomba uniandikie ulichokiona neno kwa neno.

Ukiwa na multimita unaweza kupima kati ya waya wa njano na mweusi kwenye kiunganishi kikubwa cha pini nne ambacho hakijatumika. Volti ikae kati ya 11.4 na 12.6 hata wakati wa kazi nzito. Ikishuka chini ya hapo, huna haja ya kuendelea kutafuta. Ikiwa sawa, bado hujaiondolea pawasaplai shaka, kwa sababu multimita ya kawaida ni ya polepole mno kuona mporomoko wa sehemu ya elfu ya sekunde. Kwa sababu hiyo hiyo, ule mtindo wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha klipu na kutangaza kwamba pawasaplai ni nzima kwa kuwa feni yake imezunguka hauthibitishi kitu katika tatizo lako. Unaonyesha tu kwamba inawaka, na hilo ulikuwa ukilijua.

Kabla ya kwenda dukani, maliza upande wa ukutani. Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye soketi, bila kebo ya upanuzi na bila UPS, ujaribu kurenda. UPS ndogo ya VA 650 haitoi wati 650. Nyingi za ukubwa huo hutoa wati 360 hadi 390, na skrini yako nayo inakula humo humo. Mimi binafsi niliwahi kubadilisha pawasaplai na ubao mama wa mteja kwa siku mbili, kumbe soketi ya kebo yake ya upanuzi ilikuwa imelegea ikitoa cheche kila umeme ulipovutwa kwa nguvu. Nilirudisha fedha zake, na tangu hapo huanzia ukutani. Kama ukigusa chuma cha kasha unahisi kama unapigwa shoti ndogo, nyumba au kebo hiyo haina waya wa ardhi: vichujio vilivyo ndani ya pawasaplai huvujisha umeme mdogo kwenye kasha, na pasipo ardhi hauna pa kwenda isipokuwa kwako. Hilo halielezi kujizima kwako, lakini mwite fundi umeme alitengeneze.

Vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya kipozeo lipulize, ukiishikilia feni kwa kidole isizunguke. Sitalirefusha, joto si mshukiwa wetu mkuu.

Majaribio yakielekea ninakotarajia, tafuta pawasaplai ya wati 550 au 650 ya kampuni inayojulikana, na dukani usome lebo kama ulivyoisoma hii: kwa 550 halisi mstari wa +12V uwe karibu ampea 45. Alama ya 80 Plus inaeleza ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto. Ni ishara njema, lakini peke yake haikuhakikishii uimara. Mtumba wa pawasaplai sikushauri, kwa kuwa kinachochakaa ndani yake ndicho usichoweza kukiona. Ukinunua yenye kebo za kuchomoa, tumia zilizokuja nayo tu, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kebo inayoingia vizuri inaweza kupeleka volti 12 mahali palipotarajia 5. Ile ya zamani usiifungue kwa udadisi: kapasita yake kuu inaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Vile vipande vipya vya RAM vijaribu peke yao, bila vya zamani, kwa MemTest86 mizunguko yote minne usiku mmoja. Visipotoa kosa hata moja, ni vizima, na muuzaji akikubali kuvirudisha ningemrudishia. Kazi ya video inanufaika na GB 32, lakini ningeipata kwa jozi moja ya vipande viwili vya GB 16 vilivyouzwa pamoja, na vyote hivi vinne vikauzwa kuchangia bei.

Ikitokea kwamba pawasaplai mpya imefungwa, umechomeka ukutani moja kwa moja, na bado kompyuta inakatika wakati wa kurenda, azima kadi nyingine ya picha, hata ya zamani na dhaifu, uitumie siku mbili. Ikitulia, peleka RTX 3060 kwa muuzaji kama dhamana bado ipo. Isipotulia, niandikie tena ukinipa namba ya BugcheckCode, joto la juu kabisa la prosesa kama HWiNFO ilivyolirekodi, na taa ipi kati ya zile nne huwaka kompyuta inapojiwasha upya. Hapo ndipo nitakapouzungumzia ubao mama.